Kifuko Nyuma ya Kioo

Bishkek, 9 Juni

Mama,

Barua hii namwachia Burul pale kibandani kwake barabarani, ukishusha maziwa ya farasi utaikuta. Huko kwenu malishoni simu haishiki hata mtu akisimama juu ya tandiko, kwa hiyo turudi kwenye kalamu tu kama nilipokuwa jeshini. Sote wazima. Adinai ameota jino na anauma kila kitu. Cholpon anakusalimu, ile sufu uliyotuma ameshaiosha.

Habari kubwa ni kwamba lile gari langu la zamani nimeliuza. Nimepata jingine, lililotumika, limetoka Korea, la kijivu, la viti saba. Halichemki kwenye mlima wa Too-Ashuu, na abiria wa kwenda Osh wanagombania kiti cha mbele. Mpaka hapo sina neno.

Lakini Mama, gari hili lina kiherehere! Juu kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia magari ya nyuma, wamelitia jicho. Ni kamera, inaangalia barabara saa zote. Nikikanyaga mstari mweupe, usukani unanitetemekea mikononi kisha unanivuta nirudi, kama mwalimu anavyomvuta mtoto sikio. Likiona kitu mbele na likadhani mimi sijakiona, linapiga kelele, tii tii tii, halafu linafunga breki lenyewe. Lenyewe! Mguu wangu uko pembeni, umestarehe, na gari limesimama. Na nikiendesha sana linanichorea kikombe cha chai pale kwenye saa ya mwendo, na maandishi ya Kikorea chini yake. Juzi mzee mmoja akaniuliza, "Dereva, kumbe gari lako linauza chai?" Gari zima likaangua kicheko.

Cheka na wewe, lakini sikia hili. Wiki iliyopita kundi la kondoo lilikuwa linapanda malishoni, limejaza barabara yote. Unajua mimi nimepenya makundi tangu baba aliponipa usukani: unaingia taratibu, unawagusa kidogo kwa bampa, wanakupisha. Hili halitaki. Kila kondoo akikatiza, breki. Abiria wanainama na kuinuka kama wanaswali. Mchungaji akaja na farasi wake, akanipigia boneti kwa mjeledi: "We! Unaogopa kondoo? Shuka basi nikuendeshee!" Aibu iliyonishika siku hiyo, Mama, acha tu.

Kitufe cha kulizima kipo. Nalizima leo, kesho nikiwasha gari na lenyewe limeamka. Cholpon yuko upande wake, anasema siku hizi analala vizuri. Mimi ndiye silali. Unajua ninachokiwaza nikiwa nateremka Too-Ashuu, lori la makaa liko mgongoni kwangu, na hili jicho likaamua kuogopa kivuli cha kunguru. Sitaki kukiandika. Unakijua.

Niambie nifanyeje.

Mwanao,
Joomart


Suusamyr, malishoni, 17 Juni

Joomart mwanangu,

Barua imenifika ikinuka mtindi mkavu, Burul anatia kila kitu kwenye sanduku moja. Nimeisoma nikiwa nakamua, nikarudia nikiwa nimekaa, na mara ya tatu sikuweza kuimaliza.

We mtoto, una akili timamu? Umenunua gari linalofunga breki lenyewe? Nani kalituma?

Baba yako hakuwa na kosa lolote. Mtoto wa farasi aliingia barabarani, yeye akafunga breki kwa moyo wake mzuri, na lori la nyuma halikuwa na breki za kufunga. Basi. Aliyesimama ndiye aliyekufa, na yule mtoto wa farasi akaenda zake kunyonya. Mpaka leo breki zikilia kule chini barabarani, naacha ninachokifanya, hata kama ndoo iko mkononi. Na wewe unaniletea habari za kondoo na kikombe cha chai!

Sisemi ulirudishe. Najua hukuliokota njiani, na najua Cholpon si mjinga, kama analala ana sababu yake. Lakini mimi niko huku juu, sioni kitu, sisikii kitu, nakaa na ndama na mawazo. Naogopa, Joomart. Nakwambia hivyo hivyo bila kuzunguka.

Sasa sikiliza. Kwenye mfuko wa siagi kuna kifuko cha sufu, nimekishona mwenyewe. Ndani kuna adirashman ya mwaka huu, yale majani ya kufukizia macho mabaya, niliichuma kabla haijachanua na nikaifukizia hema lote kwanza. Juu yake nimeshonea shanga za bibi yako, zile nyeusi zenye jicho jeupe, zote, sikujibakizia hata moja. Nimekisomea dua usiku na asubuhi.

Usikitie mfukoni, wala usikitupe kwenye kile kidroo mnachowekea karatasi za askari. Kifunge juu, kwenye shingo ya kile kioo kidogo, nyuma yake, uso utazame barabarani. Wao wameweka jicho lao hapo, na sisi tuweke letu hapo hapo. Kikaze sana kisiyumbe. Akishakifunga mtu, asikifungue mwingine. Kimetoka mkononi mwangu na wa kukitoa ni mimi peke yangu. Niapie hilo kwa maandishi.

Na kondoo uwaheshimu, ni wa watu.

Mama yako,
Anarkul

Mwambie Cholpon siagi asiikaangie yote, ibaki ya mtoto.


Bishkek, 2 Julai

Mama mpenzi,

Naapa kwa maandishi kama ulivyotaka: kifuko nimekifunga mwenyewe na hakuna atakayekigusa.

Sasa kaa chini nikupe maajabu. Gari limeshika adabu! Nilikikaza pale ulipoagiza, nikasema bismillahi, nikapitisha viganja usoni, nikawasha. Kimya. Nikakanyaga mstari mweupe makusudi: kimya. Nikafika Suusamyr, nikakuta kundi la watu wa Talas limeziba daraja, nikapenya katikati yao taratibu, mkia huku, mkia huku, na gari limenyamaza kama bibi harusi kwa wakwe. Hakuna tii tii, hakuna kuvutwa mkono, hakuna cha kikombe. Abiria mmoja, mama wa makamo, akasema, "Dereva, leo umetuendesha kama mtu." Nikamwonyesha kifuko. Akabusu vidole vyake akakigusa.

Kuna kitaa kidogo cha njano kimewaka pale mbele, na mstari wa Kikorea. Cholpon ameking'ang'ania hicho kitaa, kila akiingia garini anakiulizia. Nimemwambia gari lolote lililotumika lina taa ya njano. Nyekundu ndiyo ya kuogopa. Amenuna. Muombee naye.

Nimepata amani, Mama. Nikiwa nateremka na lori nyuma sikunji tena mabega. Msimu nao umechanganya, watu wanakwenda harusini Osh na wengine wanarudi, kwa hiyo siku hizi silali Osh. Nafika, nanawa uso, napakia, nageuza. Mwili bado ni kijana.

Nimemwachia Burul unga, sukari, chai na betri za tochi. Nilikuwa nimejaza abiria, sikuweza kupanda kwako. Nilipiga honi mara mbili, labda ulisikia.

Mwanao mwenye raha,
Joomart


Bishkek, 13 Julai

Mama, shikamoo.

Nainama mbele yako mara tatu, kama siku ile ya kwanza nilipoingia mlangoni kwako na kitambaa usoni. Nakuandikia bila mwanao kujua. Barua hii anakuletea Ermek, jirani yetu, yule aliyekaa Korea kiwandani miaka mingi. Anapanda kuchukua maziwa ya farasi kwa ajili ya kifua cha baba yake, na ameniahidi ataifikisha mpaka hemani kwako, hataiacha barabarani.

Mama, mwanao alikuandikia habari za kondoo. Hakukuandikia habari za Chychkan.

Ilikuwa mwezi wa tano, gari lina siku chache tu. Alikuwa anarudi kutoka Osh, mchana kweupe, joto kali, abiria wote wamesinzia. Kwenye lile korongo la Chychkan kulikuwa na lori la matikiti limeegeshwa pembeni, nusu yake iko barabarani. Akalala, Mama. Yeye dereva. Usukani ukamtikisa mikono, gari likapiga kelele, halafu likafunga breki lenyewe. Alipofumbua macho, anasema, aliona mistari ya tikiti moja moja. Abiria wakadhani amemkwepa mbwa, wakamshukuru.

Alifika nyumbani akabaki amekaa garini nje. Nilipomfuata nilimkuta anaipapasa dashibodi kama mtu anavyopapasa shingo ya farasi aliyemvusha mto. Alinieleza siku hiyo tu. Akaniapisha nisikwambie, kwa sababu ya baba mkwe, na kwa sababu yako. Nimekaa na kiapo hicho mpaka leo. Ndiyo maana nilikuwa nalala vizuri. Nilijua hata akilala yeye, kuna kilicho macho.

Sasa hakipo macho. Kile kitaa cha njano nilikipiga picha nikampelekea Ermek. Akanisomea: kamera ya mbele imezibwa, misaada yote ya usalama imezimika, ondoa kilichoziba. Nikaenda kuangalia. Kilichoziba ni kifuko chako, Mama. Kimekaa barabara mbele ya lile jicho, hakuna hata tundu la sindano.

Nilimwambia mwanao. Akasema gari limetulia kwa dua ya mama na Ermek alikuwa fundi wa mashine za kushonea, si wa magari. Nadhani anajua. Hataki kujua. Siku kondoo walipomuaibisha ilimuuma kuliko alivyokuandikia, na habari ya lori nyuma hata usingizini anaitaja. Nikanyoosha mkono nikifungue. Akaushika mkono wangu, hakunipiga, hajawahi, lakini aliushika. Akasema, "Mama amesema ni yeye tu." Na kweli ulisema. Mimi ni mkwe wa nyumba hii. Nikikitoa mimi, kesho likatokea lolote kwenye barabara ile, nitaishi wapi na uso huu?

Usidhani naipenda mashine. Naiogopa. Ikifunga breki na mimi nimekaa kiti cha mbele, nashika mlango kwa mikono miwili. Ermek mwenyewe anasema huwa inakosea, inaona moshi inadhani ni ukuta. Lakini mtu anayelala usukanini namwogopa zaidi. Anakwenda na kurudi bila kulala, Mama. Jana alisinzia akiwa na kijiko mkononi, supu ikammwagikia. Adinai akamlilia sikioni, tii tii tii, anaigiza gari, ndiyo akaamka.

Kesho kutwa alfajiri anaondoka tena kwenda Osh. Mwandikie wewe. Kwako atasikia.

Mkwe wako,
Cholpon


Barabarani, kwa Burul, 16 Julai

Joomart,

Nimeshuka na farasi, majike hayajakamuliwa, nimeyaacha yanalia. Ermek amenifikia jana jioni, farasi wake alikuwa amemtupa njiani, maskini. Nimesoma barua ya mkeo. Usimguse huyo mtoto wa watu kwa neno lolote, nakwambia mapema. Amefanya kazi ambayo mimi nilipaswa kuifanya.

Burul anasema ulipita jana asubuhi kwenda Osh, ukampungia mkono tu. Basi leo unarudi. Nimekaa kwenye kigoda cha wateja, naandika, ili kama hutasimama akukimbilie nayo. Lakini utasimama.

Kitoe. Nakuruhusu. Hapana, nakuamuru. Kitoe kabla hujamaliza mstari huu.

Nimelifunga kitambaa jicho lililokuwa linakulinda, Joomart, kwa uzi wangu na shanga za bibi yako. Nimekaa huku nafukiza moshi na kumshukuru Mungu, na wewe unashuka milima umelala. Burul ananiambia nisijisumbue, ananimiminia maziwa, nimeyaweka chini.

Na unaona dunia inavyonifanya? Baba yako alikufa kwa kusimama ghafla. Sasa mimi, mimi Anarkul, nakaa kando ya barabara ile ile nikikuomba ubebe kitu kinachosimama ghafla. Sijui kama nafanya sawa. Sina mtu wa kumuuliza. Nikisema kitoke, naliona lori. Nikisema kibaki, naliona lile la matikiti. Lakini la matikiti lilikuwa kweli, na ulikuwa umelala kweli, na la nyuma bado halijaja. Mungu alizuie. Kitoe.

Jua limepita juu ya ghala la zamani. Magari ya Osh yameanza kupita. Kila la kijivu nasimama. Burul anasema nikiendelea hivi nitawatisha wateja wake.

Amepita dereva mmoja wa Toktogul, kasimama kunywa. Nimemuuliza. Anasema amekupita kule juu Ala-Bel, unakuja, anasema ulikuwa unaendesha vibaya, akakupigia honi hukugeuka. Kasema kama utani. Mimi sasa naandika nimesimama, ndiyo maana herufi zimepinda.

Sasa kuna la kijivu kule mbali kwenye mnyooko wa barabara. Linakuja katikati, juu ya mstari kabisa. Burul anasema si wewe. Ni wewe. Haliachi mstari, Joomart, haliachi. Nakwenda barab


Bishkek, 18 Julai

Mama,

Nimejaribu kuandika jana, nikachana karatasi.

Barua yako uliyonitupia mapajani nimeisoma nikiwa Kara-Balta, nimeegesha. Cholpon ameisoma. Amelia, akaniuliza kama una joto la kutosha huko juu.

Nikwambie ukweli, nikikuficha sasa nitakuwa mtu gani. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilikuona kwa mbali, mtu kasimama katikati ya barabara na kitambaa chekundu, nikakuona kama mtu anavyoona picha ukutani kwa watu. Haikunijia kwamba huyo ni mtu na hili ni gari. Nikawaza, kile kitambaa nakijua. Kisha nikawaza, mama anacho kama hicho. Na bado mguu haukusogea. Ni ulipofungua mdomo ukaniita kwa jina ambalo uliniita nikiwa mdogo, sijui nilisikiaje na vioo vimefungwa, ndipo mguu ukaenda. Tulisimama na bampa imegusa gauni lako.

Wala hukunisalimu. Hukuwasalimu abiria. Ulifungua mlango, ukaweka goti juu ya miguu ya mzee aliyekaa kiti cha mbele, ukakifungua kifuko kwa meno, ukanitupia barua, ukaondoka. Tulipofika kwenye handaki la Too-Ashuu yule mzee akaniuliza, "Huyo mwanamke unamfahamu?" Nikamwambia ni mama yangu. Akasema, "Basi umefanana naye," sijui alikuwa na maana gani.

Taa ya njano ilizimika hapo hapo. Tii tii ikaanza kabla hatujafika kwenye kona ya kwanza, na kikombe kikachorwa kikubwa. Sikuona haya, Mama. Niliegesha, nikalala kwenye usukani na abiria wamekaa, aliyenung'unika alinung'unika.

Lakini sikia na hili, kwa sababu sitaki udhani mambo yamekwisha. Tumetoka handakini, tunateremka Too-Ashuu, nyuma yangu lori la makaa, limejaza kioo chote. Kwenye kona kuna bomba linavuja mvuke. Jicho likauona mvuke. Likafunga breki. Mvuke mtupu, Mama, hakuna kitu! Lori likalia, honi na breki pamoja, likaja mpaka nikaona wadudu waliogandia kwenye taa zake. Likasimama. Dereva wake akashuka, akanitukana matusi ambayo hata baba hakuwa nayo. Nikasubiri amalize, nikaondoa gari.

Kwa hiyo wote wawili mna haki, wewe na Cholpon, na mimi niko katikati yenu nateremka mlima. Siku ile uliponisimamisha nyuma yangu hakukuwa na mtu. Angekuwepo, ungekuwa wewe ndiye yule mtoto wa farasi. Nimelifikiria hilo siku mbili.

Nimeacha kugeuza siku hiyo hiyo. Nitalala Osh. Kitufe sitakigusa tena. Lakini naogopa mbele na naogopa nyuma, na sijui mtu anaendeshaje hivyo.

Joomart


Suusamyr, malishoni, 24 Julai

Mwanangu,

Hakukuwa na mtu nyuma yako kwa sababu niliangalia. Nilitazama kwanza nyuma yako, mpaka mwisho wa mnyooko, ndipo nikaingia barabarani. Ningeona lori nisingeingia. Ningekuacha upite, nikakimbia pembeni nikipiga kelele kama kichaa. Usidhani mama yako amesahau kitu hata kimoja cha barabara ile.

Goti linauma kidogo. Burul amesambaza habari mpaka kijijini Kojomkul, sasa kila anayekuja kunywa anataka kumwona bibi aliyesimamisha gari kwa kitambaa. Namuuzia maziwa, simwambii kitu.

Usiniulize mtu anaendeshaje akiwa anaogopa mbele na nyuma. Baba yako aliendesha hivyo miaka yake yote, akifika nyumbani anafungua viatu na kucheka. Nilidhani hajui hofu. Sasa najua alikuwa anaivua na viatu. Ogopa, mwanangu, lakini ogopa ukiwa macho. Likikuchorea kikombe, egesha unywe chai ya kweli. Kondoo wakiziba njia, subiri. Mchungaji akikutukana, mwambie wewe ni mtoto wa Anarkul, hatasema la pili.

Kifuko nilitaka kukichoma. Nilikishika juu ya moto mpaka sufu ikaanza kunuka, nikashindwa. Shanga zile zimenipitisha utotoni, zimempitisha mama yangu. Nimezishona upya, nakurudishia kwenye mfuko wa siagi.

Mbele mwachie huyo Mkorea. Ameshanionyesha anachoweza, hata akiogopa mvuke. Hiki kifunge nyuma kabisa, kwenye kioo cha mlango wa mizigo, uso utazame malori. Najua shanga hazizuii lori. Mimi si mjinga, nimezika mume. Lakini huko nyuma hakuna anayekuangalia, na baba yako naye hakuwa na mtu huko nyuma. Hapo nitakaa mimi.

Ila mwambie Ermek aangalie kwanza. Kama na huko nyuma wametia jicho, usikifunge. Kirudishe kwa Burul, nitakivaa mimi shingoni.

Mama yako,
Anarkul